Namba Moja Juu ya Ungo Mtupu

Ungo ulikuwa mtupu. Si kwamba maharage yalikuwa yamepungua, wala si kwamba kuku wa mtu alikuwa amepita akadonoa. Ulikuwa mtupu, umefutwa mpaka vumbi, na katikati yake mtu mwenye adabu zake alikuwa amebandika utepe mwekundu kwa pini nne. Utepe uliandikwa NAMBA MOJA. Mama Mbegu alisimama mbele ya banda lile saa mbili asubuhi, siku ya mwisho ya maonyesho ya kilimo, na kwa muda hakujua aanze kuusoma utepe au aanze kuyatafuta maharage.

Watu walikuwa wanampongeza. Mrina asali wa banda la kushoto alimshika mkono kwa mikono yake miwili, na mwanamke aliyekuja na maboga alimpigia kigelegele kifupi, cha ujirani. Wote hao waliuona ungo ulivyo, na hakuna hata mmoja aliyeona ajabu. Mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, ndiye aliyeweka chini chupa ya chai na kuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, yameenda wapi?"

Sasa, mtu asiyejua anaweza kusema maharage ni maharage tu, na wapo waliosema hivyo siku hiyo, Mungu awasamehe. Jina la Mama Mbegu mwanamke huyu hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wanawake wa mlimani kwao, kwa sababu debe la mbegu ya kijiji kizima lilikaa chini ya kitanda chake. Maharage yenyewe ni madogo, meusi, yana mstari mweupe ubavuni, na sokoni hakuna anayeyatazama mara mbili. Lakini yanakomaa kwa siku sitini, na yanavumilia jua ambalo mengine hulikimbia. Alikabidhiwa na mama mkwe wake, naye alikabidhiwa na wake. Utaratibu ulikuwa mmoja: kabla ya mvua kila mwanamke huja na kikombe, huchukua kikombe kimoja, na baada ya mavuno hurudisha viwili. Mwaka huu havikurudi viwili wala kimoja. Mvua ya mawe ilishuka maharage yakiwa kwenye maua, ikayatwanga mashamba yote alasiri moja, na mbegu iliyobaki mlimani ikawa ile tu ya debeni, iliyochanganywa na majivu, ikingoja msimu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye ungo. Yote.

Aliyemtia maneno ni bwana shamba, kijana mpole mwenye viatu vya plastiki na kauli ya asali. Alikuja mara tatu, akanywa chai mara tatu, na kila mara akampaka mama wa watu mafuta kwa mgongo wa chupa: kwamba mbegu kama hii ni aibu kuificha chini ya kitanda, kwamba wataalamu watakuja kuiona, kwamba maonyesho yakiisha kila mtu anabeba chake anarudi nacho nyumbani. Mara ya tatu alikuja na mizani ya kuning'iniza. Kanuni ya mashindano ilitaka kilo tano kamili, na debe lilitoa nne na nusu. Bwana shamba akasikitika, akatikisa kichwa, akasema ni hasara kukosa kwa nusu kilo.

Nusu kilo ilikuwepo. Ilikuwa kwenye chupa juu ya kabati, akiba ya akiba, ambayo mama mkwe alimwusia asiiguse hata nyumba ikiungua. Mkwe wake alimwambia, "Hiyo iache, Mama. Acha hata kikombe." Mama Mbegu akaishusha chupa akamimina yote. Alimimina kwa sababu alitaka utepe, na tuseme ukweli, hapakuwa na sababu nyingine. Miaka thelathini na mitano alikuwa akigawa mbegu mlangoni, na malipo yake yalikuwa "asante mama" inayosemwa mtu akiwa ameshageuka. Alitaka mara moja tu katika maisha yake ajulikane mbele za watu.

Basi alijulikana. Sasa alikuwa mbele ya ungo mtupu.

Mlinzi wa mabanda alikuwa wa kwanza kuulizwa. Alijibu bila hata kuacha kupiga mswaki kwamba jana jioni, majaji walipomaliza, walikuja watu wa kamati na toroli, wakapita banda kwa banda. Alidhani wenyewe wanajua. Kilichoingia uwanjani ni cha uwanja, alisema, ndivyo inavyokuwa kila mwaka. Wenyeji wa mjini walilijua hilo, ndiyo maana walileta vitu ambavyo kuvikosa hakuwaumi. Ni watu wa mlimani tu, wanaoshiriki kwa mara ya kwanza, wanaoweza kubeba roho ya kijiji kizima na kuiweka mezani kwa wageni.

Banda la tatu mfuga sungura alikuwa ameketi mbele ya tundu lililo wazi, lenye utepe wa namba mbili. Alipomwona Mama Mbegu na uso wake akaelewa mara moja. "Wangu walikuwa wanane," alisema. "Naambiwa ni supu." Alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu mzima anayeogopa kulia mchana kweupe.

Hapo ndipo Mama Mbegu alipopandwa na mori. Mpaka wakati huo alikuwa na hofu tu, na hofu ina heshima yake, inamfanya mtu aulize kwa upole. Hasira ilipofika haikubisha hodi. Alijifunga khanga kiunoni, akamwachia mkwe mkoba, akaelekea kule moshi ulikokuwa unatoka.

Jiko lilikuwa nyuma ya jukwaa kuu, chini ya turubai la buluu. Wanawake sita walikuwa wanamenya vitunguu, na mpishi mkuu, mwanamke mwenye mikono ya kubeba magunia, alikuwa anakoroga sufuria kubwa kwa mwiko mrefu. Mama Mbegu hakusalimia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Alichungulia ndani ya sufuria. Maharage yake yalikuwa yanapanda na kushuka kwenye mchuzi, mstari mweupe umeshapotea, maji yamegeuka zambarau. Yalikuwa yameiva.

Alishika ukingo wa meza. Mpishi akamuuliza kama anaumwa.

"Hayo ni yangu," Mama Mbegu alisema. "Hayo ni mbegu."

Mpishi aliacha kukoroga. Alieleza kwa kifupi, kama mtu anayejua kuwa maelezo hayasaidii: kwamba chakula kilipangwa cha watu arobaini, kwamba jana jioni ilikuja simu kuwa mgeni rasmi anakuja na msafara wa watu mia moja, kwamba Katibu wa maonyesho alisema wachukue mabandani, maana vitu vikishapimwa na majaji kazi yake imekwisha. Yeye ameletewa, akaloweka, akapika. Hakuambiwa ni mbegu. Angeambiwa asingeloweka, naye ana mama, mama yake naye ana debe.

Kisha akainama, akavuta beseni kutoka chini ya meza. Ndani yake mlikuwa na maharage ambayo hayakuenea kwenye sufuria, yaliyolowekwa tangu jioni yakingoja moto wa pili. Yalikuwa yamevimba na kung'aa. Mama Mbegu alitia mkono akayapima kwa kiganja. Vikombe viwili, labda na kidogo. Kati ya kilo tano za mlima mzima, vikombe viwili.

Ndipo Katibu alipotokea. Mwalimu mstaafu, kalamu mbili mfukoni, filimbi shingoni, mtu wa kutembea haraka na kutazama saa hata kama hakuna anachowahi. Nyuma yake alikuwa bwana shamba, macho chini. Mpishi akamweleza Katibu kilichotokea, na Katibu akasikiliza huku akihesabu sahani kwa kidole. Halafu akageuka akaweka mkono begani mwa Mama Mbegu, mkono wa kumtuliza mtoto.

"Mama, pole. Lakini maharage ni maharage. Tutakupa mengine, tena ya kisasa, yamefungwa kwenye pakiti."

"Na mama ni mama?" Mama Mbegu alimuuliza. "Nikuchukulie wako, nikupe mwingine wa kwenye pakiti?"

Wamenya vitunguu waliinamisha vichwa. Katibu aliuondoa mkono begani taratibu, akapekua jalada lake, akatoa fomu. Saini ilikuwa ya Mama Mbegu, imenyooka vizuri, maana shule alikwenda. Juu ya saini, kwa herufi ndogo, kifungu cha saba kilisema kila kitakachoingizwa kwenye mashindano ni mali ya kamati. Aliisoma pale pale, kwa mara ya kwanza. Akakumbuka siku ya kuandikishwa, ofisini kwa kamati: bwana shamba akimwambia weka tu saini hapa mama, ni ya kuonyesha umefika, na yeye akiweka saini huku macho yake yako ukutani, kwenye tepe nyekundu zilizopangwa kwa misumari.

Alijichukia kwa hilo. Hasira yake ilikuwa na pande mbili, na upande uliomkata zaidi ulikuwa umemwelekea mwenyewe. Lakini alikuwa mtu mzima wa kutosha kujua kwamba aliyedanganywa ana kosa dogo na mdanganyifu ana kubwa, kwa hiyo alimgeukia bwana shamba.

"Mwanangu, wewe ulijua."

Bwana shamba akasema alidhani watachukua kidogo. Akasema aliambiwa alete washiriki ishirini kutoka milimani na alikuwa amepata kumi na tisa. Sauti yake ilikuwa inakufa kadiri anavyoendelea. Mama Mbegu hakungoja amalize, akalibeba beseni kichwani na kutoka. Katibu alimwita mara mbili. Mpishi mkuu, bila haraka, akausogeza mwili wake wote kwenye njia ya kutokea na kumuuliza Katibu chumvi ya wageni mia moja inatoka wapi.

Nje mkwe alikuwa anangoja. Alipomtua beseni na kuona kilichomo, aliziba mdomo kwa kiganja, halafu akasema waende haraka nyumbani wakayaanike, huenda yakakauka. Hakusema neno moja kuhusu chupa ya juu ya kabati. Mama Mbegu aliliona neno hilo likimezwa, akampenda mkwe wake kwa hilo kuliko alivyowahi kumpenda.

Alichukua harage moja akalipasua kwa ukucha. Ngozi ilikuwa imeshachanika yenyewe, na jicho la ndani limeanza kuchungulia. Mbegu ikishaamka hailali tena. Ukiianika inakufa, ukiiacha majini inaoza, ukiisubirisha mpaka kesho umesubirisha maiti. Inataka udongo wenye maji, leo, kabla jua halijawa kali. Na nyumbani ni mwendo wa saa tatu, kiangazi kimeshika, kijito kimekauka, ardhi ya mlimani jembe likiipiga linarudi na cheche. Mkwe alilijua hilo kama yeye. Walisimama, beseni katikati yao, huku vipaza sauti vikijaribiwa: moja, mbili, moja, mbili.

Mama Mbegu aligeuza kichwa kuangalia uwanja mzima. Vumbi, mabanda, vumbi, maegesho ya magari, vumbi. Kisha mbele ya jukwaa kuu akaliona tuta.

Lilikuwa tuta la maua, refu hatua thelathini na pana hatua tatu, jeusi kwa unyevu. Maua ya njano yalikuwa yamepandwa kwa kufuata herufi, yakaandika KARIBU MGENI RASMI, ili mheshimiwa akiketi kwenye kiti chake cha kitambaa cheupe alisome bila kukaza shingo. Mpira wa maji ulikuwa umelala pembeni ukivuja. Kiangazi chote, watoto wa mlimani walipokuwa wanaamka kabla ya jogoo kwenda kutafuta dumu moja la maji, haya maua yalikuwa yanakunywa asubuhi na jioni.

Hakumshauri mtu. Aliingia tutani kwa miguu mitupu, akaanzia kwenye herufi ya mwisho, akang'oa.

Mkwe alisita kwa kiasi cha pumzi mbili, kisha akavua viatu. Waligawana mistari. Kidole kinazama pingili mbili, maharage mawili ndani, udongo juu, kiganja kinashindilia, mguu mmoja mbele. Neno RASMI liliondoka lote kabla mtu hajagundua, na watu walipogundua walikuja kusimama kwenye kamba, kwanza wachache, halafu wengi. Mfuga sungura alikuwa miongoni mwao. Alitazama kidogo, akaruka kamba, akaanza kubeba maua yaliyong'olewa kuyatoa njiani.

Mtunza bustani alikuja mbio kutoka bombani, mzee mwembamba, kofia mkononi, akipiga kelele kwamba miezi mitatu, miezi mitatu amekuwa anapiga magoti kwenye maua hayo. Mama Mbegu alisimama wima. Huyu peke yake ndiye aliyekuwa na haki ya kumgombeza, na alimwambia hivyo.

"Nisamehe, kaka. Wewe sina ugomvi na wewe. Mbegu zangu wamezipika, na hizi ndizo zilizobaki."

Mtunza bustani alichungulia kwenye beseni. Alichukua harage moja lililovimba, akaligeuza kwenye kiganja, na hasira yake ikabadilisha njia. Alitazama kuelekea moshi wa jikoni, akasonya. Akauliza ni siku ngapi. Mama Mbegu akamjibu ni sitini. Mzee akafikiri, akasema ubaya ni kwamba leo jioni maonyesho yakifungwa na maji nayo yanafungwa, ni amri. Mkwe wa Mama Mbegu akauliza anayefunga ni nani.

"Anayefunga ni mimi," mtunza bustani alisema, akavaa kofia yake, akaenda kuuvuta mpira wa maji.

King'ora kilisikika barabarani. Magari yaliingia moja baada ya jingine, vumbi likapanda, ngoma zikaanza, na Katibu akatoka nyuma ya jukwaa akikimbia, akasimama ghafla. Mbele yake kulikuwa na KARIBU MGENI, halafu tope, halafu wanawake wawili waliopiga magoti na mzee mmoja anayemwagilia. Filimbi ilimdondoka kinywani. Hakuwa na dakika mbili za kufanya lolote, maana milango ya gari la mbele ilikuwa imeshafunguliwa.

Lakini mpe mtu haki yake: Katibu alikuwa na akili ya haraka. Mgeni rasmi alipofika mbele ya jukwaa na kushangaa, Katibu alikuwa ameshashika kipaza sauti. Alitangaza kwamba huyo wanayemwona ni mshindi wa kwanza, na kwamba mwaka huu kamati imeamua kuonyesha kilimo kwa vitendo badala ya maneno. Makofi yakapigwa. Mama Mbegu aliyasikia akiwa ameinama, na kila kofi lilimchoma. Walimchukulia mbegu, sasa wanamchukulia hata hasira yake, waitie kwenye ratiba kati ya ngoma na hotuba. Mchumia juani hulia kivulini, wahenga walisema, ila hawakusema kivuli kikishakaliwa na wengine mchumaji afanyeje.

Mgeni rasmi alifurahi. Alikuwa mwanaume mnene, mwenye uso wa kuzoea kupokelewa, na hakuwa mtu mbaya, hakujua tu, na hakuna aliyekuwa na haja ya kumjulisha. Alivua koti akampa msaidizi, akakunja mikono ya shati, akaingia tutani na viatu vyake vyeusi. Wapiga picha wakamzunguka. Alichuchumaa karibu na Mama Mbegu, akanyoosha kiganja, safi, laini, akangoja.

"Mama yangu, hongera sana. Nipe na mimi nipande mbili tatu."

Beseni lilikuwa limebaki na konzi moja. Mama Mbegu alikitazama kile kiganja. Aliiona picha kabla haijapigwa, imetundikwa kwenye ofisi ya Katibu, yeye akimpa mkubwa mbegu huku anatabasamu, na mwakani bwana shamba akipanda mlima na picha hiyo mkononi kwenda kwa mama mwingine. Katibu alikuwa anamwashiria kwa macho, anamsihi, karibu apige magoti.

Aliyakusanya maharage yaliyobaki kwenye ngumi yake, akaifunga.

"Zako ziko jikoni, Mheshimiwa," alisema. "Zimeshaiva."

Hakupandisha sauti. Kamera moja ilishuka, kisha nyingine. Mheshimiwa alimgeukia Katibu, Katibu akaigeukia fomu yake, na harufu ya maharage ilikuwa inavuka jukwaa taratibu, kila mtu sasa akijua ni ya nini. Kile kiganja kilibaki kimenyooshwa hewani, mwenyewe hajui akirudishe vipi.

Mama Mbegu alizamisha kidole kwenye udongo, akatia maharage mawili, akafukia. Kisha akamgusa Mheshimiwa kwenye goti kwa mkono wenye tope.

"Na usogee kidogo, baba," alimwambia. "Umekanyaga mstari."